Ushauri kwa Anayeanza Ufinyanzi: Mkono Kwanza, Gurudumu Baadaye

Katika maswali ya wasomaji mintarafu ya kazi za mikono, hapana linalorudiwa mara nyingi kuliko hili: mtu ambaye hakuzaliwa katika nyumba ya wafinyanzi, naye anatamani kujua kufinyanga, aanzie wapi? Wako wanaouliza bei ya gurudumu hali hawajapata kugusa udongo. Wako wanaolalamika kwamba vyombo vyao hupasuka kivulini au hulipuka motoni, nao wamekaribia kukata tamaa. Na wako wanaodhani kwamba sanaa hii ni siri ya koo fulani, ambayo mgeni haruhusiwi wala hawezi kuipata. Maadamu maswali ni yale yale, na majibu yake hayabadiliki sana toka Tanga mpaka Kisumu, yafaa yakusanywe mahali pamoja, kwa utaratibu ambao msomaji ataufuata hatua kwa hatua akiwa na udongo mikononi.

Rai yangu naitoa mapema ili msomaji aipime kila atakapoendelea. Kwanza, mwanafunzi wa ufinyanzi aanze na mkono, gurudumu lifuate. Pili, nusu ya ustadi wa mfinyanzi ni kujua kungoja. Vyombo vingi vya wanafunzi huharibika kwa haraka tu, ingawa mikono iliyovifinyanga ilikuwa na ustadi wa kutosha. Atakayeyashika mambo haya mawili ataokoa fedha yake, udongo wake na moyo wake.

## Je, bila ya gurudumu nitakuwa mfinyanzi kamili?

Shaka hii ndiyo kubwa, kwa hiyo naijibu kabla ya nyingine. Wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huletwa kwa mitumbwi na kuuzwa katika soko la Matema, na wanawake wa Kipare wa Usangi, na Watwa wa Rwanda na Burundi, wamekuwa wakifinyanga kwa mkono vizazi na vizazi, na vyombo vyao vimepika, vimehifadhi maji na vimepoza vinywaji bila ya ila. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye vyombo vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia, huvijenga kwa mkono na kuving'arisha kwa kuvisugua. Katika miaka ya 1970 alikwenda Abuja, Nigeria, ambako alijifunza kwa wafinyanzi wanawake, na mashuhuri miongoni mwao alikuwa Ladi Kwali, ambaye mitungi yake mikubwa ilijengwa kwa mkono, na ambaye sura yake imechapwa katika noti ya naira 20.

Gurudumu nalo lina mahali pake na heshima yake. Mafundi wa Bahla, mji wa Oman ambao sifa ya vyombo vyake vya udongo ni ya zamani, hulitumia kwa wepesi wa ajabu. Faida zake ni kasi na ulinganifu: anayetaka bakuli au vikombe vingi vya kipimo kimoja atalihitaji. Lakini gurudumu hutoa vyombo vya mviringo vyenye kitako bapa, ilhali chungu cha mafigani hutaka kitako cha duara. Na kila kosa la kutoujua udongo, ambalo mkononi huonekana polepole na kurekebishika, juu ya gurudumu huangusha chombo papo hapo. Ndiyo sababu nasema mkono utangulie.

## Kuutafuta udongo na kuujaribu

Udongo mzuri wa mfinyanzi hupatikana aghalabu katika mabonde, kingo za mito, madimbwi yaliyokauka na vichuguu. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, uchimbe ule ulio chini yake, unaonata na kuteleza ukiloweshwa. Kabla ya kutia jembe mtake idhini mwenye ardhi, na kama kijiji kina wafinyanzi waulize wao kwanza, kwani machimbo yao yana desturi zake.

Usibebe gunia zima kabla ya majaribio haya manne:

1. Jaribio la kamba. Sokota udongo uliolowa uwe kamba ya unene wa kalamu, uizungushe katika kidole cha shahada. Ukizunguka bila ya kukatika, una mnato wa kutosha. Ukifanya nyufa nyingi, una mchanga kupita kiasi.
2. Jaribio la kunywea. Fanya kipande bapa, uchore juu yake mstari wa sentimita 10, kisha ukiache kikauke kabisa. Mstari ukipungua na kuwa sentimita 9.5 au 9.3, udongo unafaa. Ukishuka chini ya 9, vyombo vitapasuka visipotiwa mchanga au vigae vilivyosagwa.
3. Jaribio la ndimu. Dondoshea maji ya ndimu au siki juu ya bonge kavu. Likitoa povu, lina chokaa.
4. Jaribio la moto. Tia kipande kikavu katika makaa makali mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe polepole, kisha kilaze majini usiku mzima. Kikiyeyuka, moto haukutosha, au udongo haufai.

Jaribio la tatu wenzetu wa pwani wasilidharau. Udongo wetu mara nyingi una chembe za matumbawe na makombe, ambazo motoni hugeuka chokaa. Chombo hutoka salama, mwenyewe akafurahi, kumbe baada ya siku au majuma chokaa hiyo hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kubandua vipande vya chombo kimoja kimoja. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye udongo wako na mchanga wa baharini, ambao fauka ya makombe una chumvi. Tumia mchanga wa mtoni au vigae.

## Kuutayarisha

1. Anika udongo mpaka ukauke kabisa, kisha uuponde vipande vidogo. Udongo mkavu hunywa maji na kulainika upesi. Ulio nusu mbichi hubaki na madonge.
2. Uloweke katika pipa au ndoo siku mbili tatu bila ya kuukoroga.
3. Ukoroge uwe uji, uupitishe katika chekeche ili mawe, mizizi na makombe yabaki juu.
4. Uache utuame, umwage maji yaliyo juu, kisha uutandaze juu ya gunia au kitambaa mpaka ushikike bila ya kunata mkononi.
5. Tia mchanga safi au vigae vilivyosagwa: kipimo kimoja kwa vipimo vinne au vitano vya udongo kwa chungu cha kupikia, na pungufu kidogo ya hapo kwa vyombo vya mapambo.
6. Ufunge katika nailoni, uuweke kivulini juma moja au zaidi. Udongo uliolala hufinyangika kwa urahisi kuliko uliotoka shimoni leo.

Usiikimbie hatua ya tano kwa kudhani kwamba mchanga huharibu udongo. Chembe zile ndizo zinazoupa mvuke njia ya kutokea, na ndizo zinazokiwezesha chungu kustahimili moto wa mafiga.

## Vifaa vya kuanzia

Yatosha haya, na mengi yako nyumbani:

- ubao usio na rangi, na kitambaa kizito cha kuufunika ubao huo ili udongo usinate;
- waya mwembamba wenye vijiti viwili nchani, wa kukatia;
- kipande cha kifuu au cha kibuyu kilicholainishwa ukingo, cha kukwangulia na kusawazishia;
- gunzi la hindi, kamba iliyosokotwa na kijiti kilichochongwa, kwa mapambo;
- kijiwe laini cha mtoni cha kusugulia;
- sifongo, ndoo ya maji na mifuko ya nailoni.

Usinunue kingine mpaka kazi yenyewe ikudai.

## Kukanda

Udongo hukandwa juu ya ubao kwa viganja viwili, ukisukumwa mbele na kurudishwa, kwa namna mpishi akandavyo unga wa mikate, ila mfinyanzi hujihadhari asiukunje kwa kufungia hewa ndani. Kanda mara hamsini au zaidi, kisha ukate donge kwa waya utazame uso wa ndani: ukiona vishimo au mistari ya rangi mbili, kanda tena. Kazi hii huchosha mabega, na wanafunzi wengi huipunguza. Malipo ya kuipunguza ni ukuta usiolingana, na nyufa ambazo mtu huzitafutia sababu mahali pengine.

## Njia tatu za mkono

Kufinya. Chukua donge la ukubwa wa chungwa dogo, ulishike kiganjani, utie kidole gumba katikati mpaka ubakie unene wa kidole kitakoni. Kisha finya baina ya kidole gumba na vidole vingine, ukizungusha kidogo kila mara, toka chini kwenda juu. Ukingo ukianza kupasuka, uufute kwa kidole kilicholowa kidogo. Usichovye chombo majini. Njia hii ndiyo skuli ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayovifundisha vidole kupima unene bila ya msaada wa macho.

Kamba za udongo. Hii ndiyo njia ya mitungi na vyungu vikubwa, na hatua zake ni hizi:

1. Fanya kitako kwa kufinya, au kwa kulaza udongo ndani ya kigae cha chungu cha zamani kitakachouhifadhi.
2. Sokota kamba za unene sawa, urefu wa kuzunguka chombo.
3. Kwaruza ukingo kwa kijiti, uupake uji wa udongo ule ule, ulaze kamba juu yake.
4. Sugua kiungo kwa kidole gumba: ndani ukishusha udongo wa juu chini, nje ukipandisha udongo wa chini juu, mpaka alama ya kiungo itoweke pande zote mbili.
5. Baada ya kamba tatu au nne, pumzisha chombo mpaka udongo wa chini ushike kidogo, hali ukingo umefunikwa kitambaa kibichi ili upokee kamba zijazo.
6. Kutanua tumbo, weka kamba nje kidogo ya ile iliyotangulia. Kufunga shingo, iweke ndani kidogo.

Kosa la kawaida ni kujenga mtungi mzima kwa kikao kimoja. Udongo laini hauwezi kubeba uzito wa mwenzake. Tumbo litashuka, na mwenyewe atasema udongo ni mbaya.

Mabapa. Sukuma udongo kwa mpini wa mviringo baina ya vijiti viwili vya unene mmoja, ili bapa liwe sawasawa kote, kisha kata vipande vya sanduku, chetezo au sahani. Subiri mabapa yashike mpaka yasimame yenyewe kabla ya kuyaunga, nayo kingo zake zikwaruzwe na kupakwa uji kwa namna ile ile. Geuza bapa upande wa pili mara moja au mbili wakati linapokauka, lisije likajikunja pembeni.

Katika njia zote tatu kuna kanuni moja ambayo haina ruhusa ya kuvunjwa: sehemu mbili zinazoungwa ziwe na unyevu mmoja. Kishikio kibichi kilichobandikwa katika kikombe kikavu kitaachana nacho, hata kikipakwa uji wa namna gani.

## Kukausha: mahali ambapo wengi hushindwa

Udongo ukikauka hunywea, na sehemu nyembamba hukauka kabla ya nene. Ukingo ukikaza hali kitako kingali kibichi, viwili hivyo huvutana, na ufa ndio matokeo. Kwa hivyo:

- weka chombo kivulini, mahali pasipo upepo, hasa katika miezi ya kaskazi;
- funika ukingo, vishikio na midomo kwa nailoni, uache tumbo wazi;
- chombo kikishika, kigeuze kifudifudi ili kitako kipate hewa;
- kiinue juu ya vijiti, kisinate na ubao;
- usikiweke juani kabla rangi yake haijageuka kuwa nyepesi pande zote.

Chombo kidogo kitataka siku kadhaa. Mtungi mkubwa hutaka majuma. Namna ya kujua kama kimekauka ni kukigusisha shavuni: kikiwa baridi kuliko hewa, maji yangalimo.

Na ufa ukitokea je, nizibe? Ukionekana hali udongo ungali na unyevu, unaweza kuukwaruza, kuupaka uji na kuusugua. Ukionekana katika chombo kikavu, usihangaike nacho: kivunje, ukiloweke, uanze upya. Udongo ambao haujaonja moto haupotei, na hiyo ni rehema kubwa ya kazi hii.

## Gurudumu: hatua zake

Ukiweza kufinya bakuli la unene mmoja toka kitako mpaka ukingo, umefika wakati wa gurudumu, likiwa la umeme au la kuzungushwa kwa mguu. Tafuta kwanza mahali ambapo utaweza kulitumia kwa kukodi au kwa kufundishwa.

1. Udongo. Kata madonge ya nusu kilo, yawe laini kuliko ya kufinyangia kwa mkono. Udongo mgumu utakushinda nguvu, na mtu atadhani ameshindwa akili.
2. Kubandika. Piga donge katikati ya gurudumu kavu, uligandamize pande zote lishike.
3. Kutuliza katikati. Gurudumu liende kasi. Lowesha mikono, uegemeze viwiko mapajani au kiunoni, na mwili wote usukume: kiganja kimoja kutoka ubavuni, kingine kutoka juu. Pandisha udongo uwe mnara, uushushe tena, mara mbili tatu. Usiendelee mbele mpaka mkono uliotulia juu yake usitikisike.
4. Kufungua. Shindilia vidole gumba katikati, ubakize unene wa kidole kitakoni. Kisha ugandamize kitako toka nje kwenda ndani mara kadhaa; hatua hii ikisahauliwa, kitako hupasuka kinapokauka.
5. Kuinua ukuta. Punguza kasi. Vidole vya ndani na vya nje vibane ukuta kidogo chini kabisa, vipande pamoja polepole mpaka juu bila ya kuachia njiani. Rudia mara tatu; zaidi ya hapo udongo umekwisha kunywa maji mengi na kuchoka.
6. Ukingo. Kila baada ya kuinua, utulize ukingo kwa kidole ili usichanike.
7. Kutoa. Futa maji yote ya ndani kwa sifongo, pitisha waya chini, ukihamishie ubaoni.
8. Kuchonga kitako. Kesho yake, kikiwa kimeshika, kigeuze juu ya gurudumu, ukibandike kwa vidonge vya udongo, na uchonge uzito uliozidi.

Makosa makubwa ya gurudumu ni haya: kusukuma kwa mikono mitupu bila ya kuegemeza viwiko, kumwagia maji mengi, kuachia ghafla, jambo linaloyumbisha chombo hata kilichokuwa kimetulia, na kukimbilia ukuta kabla ya kutuliza katikati. Hilo la mwisho ndilo linalowafukuza wanafunzi wengi, nalo halina dawa ila kurudi hatua ya tatu.

Zoezi lenye faida kuliko yote ni kufanya kikombe kilichonyooka, kisha kukikata kwa waya nusu kwa nusu na kutazama ukuta ulivyo. Najua inauma kukikata chombo cha kwanza kilichosimama. Lakini chombo kilichokatwa humwonyesha mwanafunzi wapi alibakiza uzito na wapi alipunguza kupita kiasi, ilhali kilichowekwa rafuni hakimwambii neno.

## Mapambo yana wakati wake

Watu huuliza rangi gani wapake, nami huwajibu kwamba la kuuliza kwanza ni chombo kimefika hali gani.

- Kingali laini: piga chapa kwa gunzi la hindi linalobingirishwa, kwa kamba iliyosokotwa, au kwa ukingo wa kombe. Mkono mmoja uushikilie ukuta kwa ndani usibonyee.
- Kimeshika lakini kingali na unyevu: huu ndio wakati bora. Chora kwa kijiti, chonga, pachika maua ya udongo, au paka uji wa udongo wa rangi nyingine, kisha uukwangue upate mchoro wa rangi mbili.
- Kinakaribia kukauka: sugua kwa kijiwe laini, kwa upande mmoja, mpaka king'ae. Kikiwa kibichi mno jiwe litanata. Kikiwa kikavu mno litakwaruza.
- Kimekwisha kuchomwa: hapo ndipo mahali pa masizi na glezi, yaani ule mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo juu ya chombo.

Ili nakshi izunguke chombo na kukutana bila ya kupishana, zungusha uzi tumboni, uukate, uukunje mara tatu: mikunjo itakupa sehemu nane zilizo sawa, uzitie alama nyepesi kabla ya kuchora. Vielelezo havitafutwi mbali. Vigae vya kale vilivyofukuliwa Kwale na Urewe vina mistari ya mshazari na mifereji iliyopangwa kwa adabu kubwa, na milango ya Lamu na Zanzibar imejaa pambizo ambazo zaweza kupunguzwa na kuwekwa shingoni mwa mtungi. Acha sehemu ya chombo wazi: nakshi iliyojaa kila mahali hulificha umbo.

Hadhari tatu. Uji wa rangi ukipakwa juu ya chombo kikavu hubanduka. Mchoro wenye kina kinachozidi theluthi ya unene wa ukuta hukidhoofisha chombo. Na mng'aro wa jiwe hupotea katika moto unaozidi nyuzi 1000 za sentigredi, kwa hiyo chombo kilichosuguliwa kisichomwe kwa moto wa glezi.

## Moto

Moto wa wazi hufikia aghalabu nyuzi 600 mpaka 900, nao watosha kwa vyungu na mitungi. Utaratibu wake ni huu:

1. Chagua siku kavu isiyo na upepo, na mahali mbali na nyumba za makuti.
2. Pasha vyombo joto juani, kisha pembeni mwa moto mdogo kwa saa moja au mbili, ukivigeuza. Maji yaliyobaki yakichemka ghafla hugeuka mvuke, na mvuke ndio unaolipua chombo.
3. Tandika kuni na makumbi makavu, upange vyombo juu yake vikitazama chini, vikubwa katikati.
4. Funika kwa kuni nyembamba, samadi kavu ya ng'ombe na nyasi, na vigae juu ili kuzuia upepo.
5. Washa kwa upole, ukiongeza kuni kila zinaposhuka, mpaka vyombo viwe vyekundu vyote kwa moto.
6. Acha vipoe ndani ya majivu mpaka vishikike kwa mkono mtupu.

Hatua ya sita haina njia ya mkato. Karibu na nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo katika udongo hubadili umbo lake kwa ghafla, hupanuka zikipanda na hunywea zikishuka. Anayekitoa chungu motoni mapema hukipasua mwenyewe.

Anayetaka weusi mzuri afukie vyombo vilivyo vyekundu kwa majani makavu au pumba, avifunike moshi usitoke. Anayetaka glezi ahitaji tanuri la nyuzi 1000 na zaidi, wala asijaribu katika moto wa wazi. Na hapa natoa onyo bila ya kulegeza neno: glezi yenye risasi isitumike katika chombo cha chakula au kinywaji, wala risasi ya betri kuukuu isikaribie kazi hii, kwa sababu ndimu, ukwaju na siki huiyeyusha sumu hiyo na kuipeleka mwilini mwa wanaokula.

## Afya ya mfinyanzi

Vumbi la udongo mkavu lina chembe ndogo ambazo, zikivutwa kwa miaka, huyadhuru mapafu daima. Usifagie karakana kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Unapoponda udongo au vigae, funika pua na mdomo, ufanye kazi hiyo nje, na watoto wawe mbali.

## Maswali mengine yanayorudiwa

Nakaa ghorofani mjini, nichomee wapi? Finyanga na ukaushe nyumbani, kisha ukubaliane na wafinyanzi wa karibu au chuo chenye tanuri wakuchomee kwa malipo. Waonyeshe kwanza kipande cha udongo wako, maana udongo usiojulikana waweza kuharibu vyombo vya wenyewe.

Chungu changu kinavuja, kimeharibika? Si lazima. Chombo cha moto wa wazi kina vitundu, na mtungi hupoza maji kwa kuyatoa jasho kupitia vitundu hivyo. Chungu cha kupikia kilowekwe, kisha kipikwe uji mwepesi kwa moto mdogo mara moja au mbili. Wanga utaziba vitundu. Kisiondolewe motoni na kutiwa maji baridi.

Je, umri umenipita? Kazi hii haiulizi umri, hutaka mikono iliyo tayari kurudia jambo moja.

Naweza kuuza lini? Usiuze chungu ambacho hujakipikia mwenyewe, wala mtungi ambao haujalala na maji ndani yake. Jina la mfinyanzi hujengwa na chombo kinachodumu katika nyumba ya mnunuzi.

## Neno la mwisho

Waliotutangulia walisema udongo uwahi ungali maji. Basi usingoje gurudumu wala karakana. Juma hili chimba ndoo moja ya udongo, uujaribu kwa njia nne nilizozitaja, na ukiisha kuutayarisha ufinye vibakuli ishirini, ukivivunja na kuviloweka tena vile vyenye ukuta usiolingana. Kisha mtafute mfinyanzi mkongwe aliye karibu nawe, umwombe ruhusa ya kukaa na kutazama kazi yake, na umlipe haki yake kwa kila atakalokufundisha, kwa kuwa elimu iliyo mikononi mwake haimo katika makala hii wala katika nyingine yoyote, na asipopata wa kumrithi itazikwa pamoja naye.